Ruta ya Mlango, Ruta ya Gitaa: Namna ya Kuichagua

"Shikamoo, fundi. Pesa ya korosho imetoka. Ninunue ruta gani?"

Swali hili hubisha hodi karakanani kila msimu wa minada, kati ya Oktoba na Desemba, wakati vijana wa Masasi, Ndanda na Newala wana kitu mfukoni. Anayeuliza mara nyingi ni seremala wa milango na vitanda ambaye mkono wake umeshakomaa, na sasa ametamani kuunda gitaa, labda la kwaya ya kigango chake, labda lake mwenyewe. Anataka mashine moja ifanye yote mawili. Hapa Nanganga, kwenye njia panda ya Ruangwa, ruta si bidhaa ya kuokota rafuni. Itabidi apande gari la Masasi au Mtwara, au amwagize mtu Kariakoo. Akikosea, kosa lake lina nauli.

Jibu langu huwa hili: marahaba, lakini usinitajie mashine kwanza. Nitajie kiungo utakachofanya, mti utakaoukata, na duka utakalopatia biti nyingine ya kwanza ikivunjika. Ukishayajua hayo matatu, mashine hujichagua yenyewe. Mwongozo huu unaanzia huko huko, kwenye kiungo na mti, na ukubwa wa mota, ambao ndio kila mtu huuliza kwanza, nimeuweka nyuma kwa makusudi.

Ruta hufanya nini, na nini haifanyi

Nazungumzia ruta ya mbao, si ile ya intaneti. Ni mota iliyosimama wima juu ya kitako bapa. Chini yake imebana biti yenye makali, nayo huzunguka mara 9,000 hadi 30,000 kwa dakika. Kekee hutoboa, msumeno hupasua, randa hulainisha uso. Ruta huchimba na kufuata: huchimba mfereji wa paneli, huviringa ukingo wa meza, hufuata kiolezo na kutoa umbo lile lile mara kumi bila kupunguza wala kuongeza.

Lakini kwa kuwa biti ni duara, kila kona ya ndani inayochimbwa na ruta hubaki duara. Tundu la bawaba, kiota cha shingo ya gitaa, tundu la ulimi: vyote hivyo humaliziwa kwa patasi. Anayenunua ruta ili aache patasi hajaelewa anachonunua. Antonio de Torres wa Uhispania, aliyefariki mwaka 1892, ndiye aliyeliweka gitaa la nyuzi sita katika umbo tunalolijua leo, na hakuwahi kugusa mashine ya umeme. Na sisi tunaishi chini ya uwanda wa Wamakonde, ambako mtu huingia kwenye gogo la mpingo kwa tezo na patasi akatoka na kinyago cha ujamaa cha watu ishirini waliobebana. Mkono huo ndio mtaji wako. Ruta hukupunguzia saa za kazi na kukupa usawa wa vipimo, basi.

Orodhesha kazi zako kwa milimita

Chukua karatasi, andika kazi unazozifanya kweli, na mbele ya kila moja andika upana na kina cha kuchimba. Ya kwangu inasomeka hivi.

Upande wa useremala wa kawaida: mfereji wa paneli ya mlango, upana milimita 10 hadi 12, kina kama hicho hicho. Kiota cha bawaba, kina milimita 2 hadi 3. Kipunguo cha ukingoni cha kukalia kioo cha dirisha au mgongo wa kabati, milimita 10 kwa 10. Urembo wa ukingo wa meza na wa kichwa cha kitanda. Tundu la ulimi kwenye fremu ya unene wa milimita 45: upana milimita 15, yaani theluthi ya unene, na kina 50 au zaidi. Tundu la kitasa ni refu kuliko biti nyingi zinavyofika. Hilo liachie kekee na patasi.

Upande wa gitaa: mfereji wa chuma cha kunyoosha shingo, upana milimita 6, kina kama 9 au 10 kulingana na chuma chenyewe. Mwili wa gitaa la umeme una unene wa milimita 45 hivi, nao huchongwa kwa kufuata kiolezo pembeni. Kiota cha shingo huchimbwa kama milimita 16, na mashimo ya pikapu kama 18 hadi 20. Kwa gitaa la boksi, uso wa juu una milimita 2.5 hadi 3 tu. Tundu la sauti lina kipenyo cha milimita 85 kwa gitaa la nyuzi za nailoni na 100 kwa la nyuzi za chuma. Pambo linalozunguka tundu hukaa kwenye mfereji wa kina cha milimita 1.5, na ukanda wa ukingoni hutaka kipunguo cha upana wa milimita 2, kimo 6.

Tazama orodha hizo mbili kwa pamoja. Ukitoa tundu la ulimi na kuuchonga mwili mzito wa gitaa la umeme, kila kazi iliyobaki ni ndogo: biti nyembamba, kina kifupi, na mkono unaohitaji kuona vizuri unapokata. Mashine ya kilo sita ikielemea uso wa gitaa wenye milimita 3, dhambi yake haina toba. Hilo peke yake limeshakupa nusu ya jibu.

Kisha tazama mti

Msonobari unaoletwa kutoka Mufindi ni laini. Ruta yoyote huukata, ila huchanika nyuzi ukiwa na biti butu. Mninga, ambao wengine huku kusini huuita mtumbati, ndio rafiki wa fundi: hautembei sana ukishakauka, unakatika safi, na unafaa kwa shingo na kwa mwili wa gitaa. Vumbi lake lakini huwasha pua na ngozi, na kuna mafundi ambao vumbi hilo huwaletea pumu. Mkangazi ni mwepesi kuliko mninga na unapendwa kwa shingo. Mtiki una chembe za mchanga ndani ya nyuzi zake, na chembe hizo hula makali ya chuma cha kawaida kabla ya mchana. Mkongo ni mzito na nyuzi zake hupishana, hivyo ubao mmoja unaweza kukatika laini ukienda huku na kuchanika ukienda kule.

Halafu kuna mpingo. Mita moja ya ujazo wa mpingo huzidi kilo 1,200. Ukiutupa majini unazama. Dunia nzima huutafuta kwa zumari za klarineti na obo, nasi tunao jirani. Kwenye gitaa hufaa sana kwa ubao wa vidole, daraja, na kile kijiti kinachopandisha nyuzi kichwani mwa shingo. Ila usidhani ruta kubwa ndiyo inayoushinda. Mpingo hushindwa na biti kali ya kabaidi inayoondoa milimita moja kwa kila mpito. Ukiulazimisha, unaungua, na biti inapoteza makali papo hapo. Ubao wa vidole wenyewe mimi huunyoosha kwa randa na msasa; ruta naitumia tu kusawazisha kingo baada ya kuubandika.

Mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Jaribu kila kiolezo na kila kina kwenye kipande cha msonobari kwanza. Na nunua mpingo wenye risiti na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti hii imo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Tangu mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zimepewa msamaha wa masharti hayo, lakini ubao mbichi haukupewa. Mteja wa ng'ambo akikuomba umtumie gitaa, hilo ni jambo moja. Akikuomba mbao, ni jambo jingine kabisa.

Sura tatu za ruta

Ya kwanza ni ruta ndogo ya mkono mmoja, ambayo wengine huiita trima. Wati zake ni 500 hadi 700 na kidogo, uzito chini ya kilo mbili, koleti ya milimita 6 hadi 8. Mfano unaojulikana ni Makita RT0700C: wati 710, kasi ya kurekebishwa kutoka 10,000 hadi 30,000. Nduguye wa zamani, Makita 3709, ana wati 530 na kasi moja tu, 30,000. Tofauti hiyo ya kasi ni kubwa kuliko tofauti ya wati: kwenye mpingo na kwenye plastiki ya ukanda wa gitaa utataka kupunguza mwendo, na mashine ya kasi moja haikupi ruhusa.

Ya pili ni ruta ya kati ya kushuka kwa springi. Mota hukaa juu ya nguzo mbili. Unaibonyeza, biti inaingia kwenye ubao ikiwa inazunguka, ukiachia inapanda. Wati 900 hadi 1,400. Bosch POF 1400 ACE, kwa mfano, ina wati 1,400 na kasi ya 11,000 hadi 28,000. Hii huchimba matundu na mashimo ya pikapu bila wasiwasi.

Ya tatu ni ruta kubwa, wati 1,600 hadi zaidi ya 2,000, koleti ya milimita 12 au ya nusu inchi. Makita RP2301FC ina wati 2,100 na mizunguko 9,000 hadi 22,000. Hii ndiyo ya kufunga chini ya meza na kupitisha fremu za milango ishirini kwa siku. Kuishika mkononi juu ya gitaa la boksi ni sawa na kumenyea ndizi panga.

Kuna pia zile za betri. Ni nzuri kwa kazi ndogo na kwa siku umeme unapokatika, lakini zinunue tu ikiwa tayari una betri na chaja za kampuni hiyo hiyo kwa kekee yako. Vinginevyo unanunua mashine mara mbili.

Majina ya bei nafuu kama Ingco na Total yamejaa madukani siku hizi, na sitakuambia uyakimbie. Wengi wa wanaoanza wameanzia huko. Wewe yapitishe kwenye mtihani ule ule nitakaouandika hapa chini, kama unavyoipitisha ya bei ghali.

Koleti: hapa ndipo wengi huumia

Koleti ni ile taya ndogo inayobana mguu wa biti. Nchini kwetu zinaingia mashine za kila upande wa dunia, na kila upande una kipimo chake: milimita 6, milimita 8, robo inchi ambayo ni milimita 6.35, milimita 12, na nusu inchi ambayo ni 12.7. Kwa jicho, 6 na 6.35 ni pacha. Kwa mashine, ni maadui. Biti ya milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi itaingia kwa raha, utaikaza, utaamini imekaa. Ikianza kukata itateremka taratibu, na shimo ulilotaka liwe la milimita 16 litafika 19. Ukiwa na bahati mbaya, itachomoka. Biti ya 12 kwenye koleti ya nusu inchi ni hadithi hiyo hiyo kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo usinunue ruta kabla hujajua biti zinazopatikana kwenye duka unalolifikia zina mguu gani. Pita Masasi, pita Mtwara, uliza, pima kwa kalipa. Ukikuta biti nyingi ni za robo inchi, nunua mashine yenye koleti ya robo inchi, au yenye koleti mbili halisi za kampuni. Modeli moja huweza kuuzwa na koleti tofauti kutegemea soko lililokusudiwa, hivyo usitegemee picha ya boksi, fungua utazame. Vile vibomba vya kupunguzia ukubwa vinafaa kama vimetengenezwa na kampuni yenyewe. Kukunja kipande cha kopo la soda kuzunguka mguu wa biti ni kutafuta ajali.

Soma kibati kabla ya kusoma bei

Pembeni mwa kila mashine kuna kibati kidogo chenye volti, wati na mizunguko. Niliwahi kununua ruta kuukuu, nzuri, nzito, jina kubwa, kwa bei ya huruma. Niliichomeka nyumbani, ikalia kwa sauti ya juu ajabu, ikatoa harufu, ikanyamaza. Niliposoma kibati, tayari moshi umetoka, kiliandikwa volti 100. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa Japani. Wa kwetu wa TANESCO ni volti 230. Za Marekani ni 120, na zile za viwanja vya ujenzi Uingereza ni 110. Mashine kama hizo haziharibiki kwa bahati mbaya. Huharibika kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi: gawanya wati kwa volti upate ampea. Ruta ya wati 710 hula ampea 3 hivi. Ya 1,400 hula 6. Ya 2,100 hula 9. Ikiwa karakana inapata umeme kwa waya mrefu kutoka nyumbani, tumia waya wa milimita za mraba 2.5 na uufungue wote kwenye roli, maana uliobaki umeviringwa hupata joto. Taa zikififia unapowasha ruta, mota inakula njaa: inachoka, inachemka, kaboni zake zinaisha upesi. Hapo ruta ndogo itakufaa kuliko kubwa inayodhoofika. Kwa jenereta, chagua yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati za mashine. Na ukiweza, chagua ruta inayoanza taratibu. Ile inayoruka mkononi ukiiwasha imeharibu violezo vingi.

Dakika kumi dukani

Beba mfukoni biti moja unayoijua kipimo, kalipa, na kipande cha mninga. Kisha:

1. Funga biti kwa mkono wako. Spana zikae vizuri. Kitufe cha kufungia mhimili kisiteleze.
2. Bila kuchomeka umeme, shika biti uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi au koleti imekufa.
3. Zungusha mhimili kwa vidole. Uende laini, usikwaruze.
4. Kwa ruta ya springi, ibonyeze kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine. Ikikwama upande mmoja, itakwama katikati ya mwili wa gitaa.
5. Kaza kufuli ya kina, kisha sukuma kwa nguvu. Kina kisibadilike hata unywele.
6. Weka rula juu ya kitako. Kitako kilichopinda hakinyooshi chochote.
7. Iwashe bila mzigo kwa dakika mbili. Sikiliza. Tazama matundu ya mota. Cheche ndogo za samawati ni kawaida, duara zima la moto si kawaida.
8. Kata mfereji kwenye kile kipande cha mninga, upime kwa kalipa. Biti ya 6 ikitoa mfereji wa 6.4, mashine inayumba.
9. Uliza kaboni, koleti na swichi za ziada. Nunua jozi moja ya kaboni siku hiyo hiyo.
10. Dai risiti yenye jina la modeli.

Muuzaji akikataa umeme au ubao, mwache na mashine yake. Mashine isiyojaribiwa Kariakoo itajaribiwa Nanganga, na hapo ni wewe na nauli yako.

Biti tano za mwanzo

Usinunue lile boksi la biti thelathini. Utatumia sita, ishirini na nne zitapata kutu. Kwa pesa hiyo hiyo, au karibu, nunua tano nzuri za kabaidi.

Moja, biti nyoofu ya milimita 6: mfereji wa chuma cha shingo na kazi ndogo zote. Mbili, biti nyoofu ya milimita 12: paneli na mashimo. Tatu, biti ya kufuata kiolezo, yenye beringi juu karibu na mguu, kipenyo cha milimita 12 hadi 16, makali ya milimita 25. Hii ndiyo moyo wa gitaa la umeme. Makali hayafiki milimita 45, lakini hayahitaji: kata nusu ya juu kwa kufuata kiolezo, ondoa kiolezo, kisha acha beringi ifuate ukuta ulioukata tayari. Nne, biti ya kipunguo yenye beringi chini, kwa vioo vya madirisha na, ukiwa na beringi za kubadilisha, kwa ukanda wa gitaa. Tano, biti ya kuviringa ukingo ya nusu kipenyo milimita 6 kwa meza na 3 kwa gitaa. Chagua moja, nyingine itakuja.

Biti ikianza kuacha alama nyeusi kwenye mbao, kwanza isafishe utomvu kwa mafuta ya taa na brashi ya meno. Mara nyingi haikuwa butu, ilikuwa chafu.

Siku ya kwanza

Chomoa plagi kabla ya kugusa biti. Iingize biti hadi mwisho wa koleti, kisha ivute nyuma milimita 2 au 3, ukihakikisha karibu robo tatu ya mguu imemezwa. Kaza.

Kina cha kila mpito kisizidi nusu ya kipenyo cha biti: biti ya 6, milimita 3. Kwenye mpingo, milimita 1. Mashimo makubwa yatoboe kwanza kwa kekee, uiachie ruta kusafisha tu. Pembeni mwa mwili wa gitaa, kata kwa msumeno ukiacha milimita 2 nje ya mstari, ndipo ulete ruta.

Mwelekeo ni jambo la usalama. Ukitazama kutoka juu, biti huzunguka kufuata mwendo wa saa. Ukichonga ukingo wa nje, zunguka kinyume cha saa. Ndani ya shimo, zunguka kufuata saa. Ukigeuza, biti itakamata ubao na kukimbia nao, na mikono yako ikifuata nyuma.

Kasi nayo hutegemea unene wa biti. Biti ya milimita 12 ikizunguka mara 22,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia kilomita 50 kwa saa. Ya milimita 50 kwa mizunguko hiyo hiyo inazidi kilomita 200, zaidi ya basi lolote la Mtwara. Biti ndogo, kasi kubwa. Biti ya zaidi ya milimita 25, teremka hadi 16,000 au 18,000. Ya zaidi ya 50, karibu na 12,000.

Kiolezo kifanye kwa MDF au plaiwudi ya milimita 12, ukisawazishe kwa msasa hadi kidole kisihisi donge, kwa sababu kila donge la kiolezo litazaliwa kwenye gitaa. Kwa tundu la sauti, toboa tundu dogo kwenye ubao mwembamba uliofungwa chini ya trima, pigilia msumari katikati ya duara, kisha zungusha. Jigi hiyo haiuzwi, lakini inafanya kazi kama ya dukani.

Vaa miwani, ziba masikio, vaa barakoa, hasa kwa mninga na mpingo. Mikono mirefu iliyolegea iache kwa sherehe.

Hukumu

Kama ni moja tu unayoweza kununua mwaka huu, nunua ile ndogo ya wati 700 na ushee, yenye kasi ya kurekebishwa, na uinunue pamoja na kitako chake cha kushuka kwa springi kama kinapatikana. Itakufanyia gitaa zima ukiwa na subira ya mipito midogo, na itakufanyia bawaba, mifereji ya paneli, vipunguo na urembo. Matundu ya ulimi endelea nayo kwa kekee na patasi kama ulivyofundishwa. Kama riziki yako yote ni milango na gitaa ni ndoto ya Jumapili, anza na ya kati, na ndogo ifuate. Ile kubwa isubiri hadi uwe na meza ya kuifungia chini na oda za kuilisha.

Gawa pesa yako mara tatu: sehemu mbili mashine, sehemu moja biti, kaboni na barakoa. Anayemaliza zote kwenye mota hurudi nyumbani na kelele tu. Na ukishaipata, gitaa la kwanza usiliuze. Litaeleza makosa yako yote kwa milimita, na la pili utaliunda ukilisikiliza.